Kimo cha Kiganja

Mcheri wa kwanza ulikufa mwezi Juni.
Nikalaumu baridi.
Wa pili ulipokufa nikamlaumu Vendel,
muuza miche wa sokoni, mwenye ulimi wa asali
na risiti zisizosomeka.
Wa tatu ulipokauka, majani yamejikunja
kama karatasi iliyoponea jikoni,
nikakosa wa kumlaumu.
Nikachukua koleo, nikaiuliza ardhi.

Ardhi haina haraka.
Uwanda huu, mashariki ya mto Tisza, ni bapa kama sinia;
mvua ikinyesha haina pa kwenda,
inakaa juujuu kama mgeni asiyeambiwa karibu,
siku nne, siku tano, hadi jua liinywe.
Na jua likishainywa huacha weupe
ambao mimi, bibi harusi wa mwaka ule, niliuita jalidi.
"Jalidi mwezi Julai!" Ambrus akacheka,
asiseme ni nini. Mume wangu ni mtu wa treni;
ardhi kwake ni kitu kinachopita dirishani.

Nikatia udongo kwenye chupa ya matango,
nikajaza maji, nikatikisa, nikaiweka juu ya friji.
Nilisikia kwamba mchanga hutangulia kutua,
kisha tope laini, kisha mfinyanzi,
na maji hubaki maangavu,
ukapima kila tabaka kwa rula ya mtoto wa shule.
Yangu hayakutua.
Siku ya kwanza, chai ya maziwa.
Siku ya tatu, chai ya maziwa.
Ambrus nusura ajimiminie kikombe.

Nikadondosha siki juu ya bonge: likatoa povu, likanong'ona.
Nikalionja. Ndiyo, nililionja, kwa ncha ya ulimi.
Haikuwa chumvi ya mezani.
Ilikuwa sabuni.

Sabuni!
Ghalani kuna hori la mbao na ufagio wa fito
uliolika upande mmoja,
mali ya marehemu Terka, bibi yake Ambrus,
ambayo kila majira ya kuchipua nilitaka kuichoma.
Kumbe alidamka kabla ya umande kukauka,
akafagia uwanja, akakusanya weupe ule ule,
akauchemsha na shahamu ya nguruwe,
na shuka za kijiji kizima zikatakata.
Hapa hapakuwa bustani iliyoshindikana.
Palikuwa kiwanda,
na mimi nimekuja na micheri yangu
kupanda matunda kwenye sakafu yake.

Basi nikaacha kutazama nilichotaka,
nikatazama kilichopo.
Kamomili, tele mbele ya nyumba, haikupandwa na mtu.
Yale maua ya zambarau yapendayo chumvi.
Nyasi fupi, ngumu kama ndevu za juzi.
Halafu, hatua kumi na nne kupita kisima,
mimea inabadilika ghafla, kana kwamba mtu kafunga uzi:
nyasi zinafika gotini, klova, minyoo minene.
Nikalala kifudifudi, shavu chini
(jirani Etelka akaja mbio, akidhani nimezimia),
ndipo nikaiona ngazi.
Ardhi imeinuka kimo cha kiganja.
Kiganja tu, mkono ukiwa umelala.
Miaka sita nimeipanda na kuishuka na ndoo za maji
na mguu wangu haukuniambia.

Juu ya ngazi ile, chupa ya pili
ilitua kabla ya chakula cha jioni.

Mcheri wa nne uko kule, nyuma,
si pale mbele ya dirisha
nilipotaka niuone nikiosha vyombo.
Una majani kumi na moja. Sisemi zaidi.
Kamomili naikausha ndani ya hori la Terka.

Jumamosi Vendel akaniita: ana waridi, bei ya kutupa.
Nikatoa bonge mfukoni, nikaliweka juu ya meza yake.
"Muulize huyu kwanza."
Akaligeuza, akaligeuza tena,
kama sarafu ya nchi asiyoijua.